Jiwe Lililobaki Menengai

Nimesafirisha wageni na Kibii kwa miaka tisa, yeye akiwaongoza na mimi nikiendesha gari, na sijawahi kumwona akipanda gari kabla ya kuhesabu watu. Huhesabu langoni, huhesabu kileleni, na huhesabu tena mlangoni mwa gari. Wageni humcheka na kumwita mwalimu wa chekechea. Mimi simcheki, kwa sababu nilikuwepo mwaka ule aliporudi na mtu mmoja pungufu.

Walikuwa wanafunzi wa chuo, na msichana mmoja aliyeitwa Chepchumba alibaki nyuma Menengai. Kibii alidhani amepanda basi lile lingine. Kumbe ameteleza, amevunjika mguu, na alilala huko kwenye mawe usiku kucha. Asubuhi alipatikana akiwa hai, lakini mpaka leo anachechemea. Kila Krismasi Kibii huenda nyumbani kwa msichana huyo, Rongai, na kilo mbili za sukari, anakaa kwenye kiti hajui aseme nini, kisha anarudi. Mama wa msichana alimsamehe zamani, lakini yeye hajajisamehe.

Safari yetu ni ya siku moja. Asubuhi tunapanda Hyrax Hill kuona ngome ya mawe iliyo juu na mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, yaliyo chini yake, na mchana tunakwenda Menengai kutembea ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano. Usitarajie minara. Ngome yenyewe ni ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na pimbi wameshautwaa wanaota jua juu yake. Lakini Kibii akisimama pale na kofia yake ya majani, utaapa kuna jeshi linakuja kutoka upande wa ziwani. Huwaambia wageni kwamba enzi zile wafalme wa Ulaya walipokuwa wanajenga ngome zao, hapa kwetu pia watu walikuwa wanapanga mawe na kulinda ng'ombe. Akiulizwa ni akina nani hasa waliojenga, hukiri kwamba wataalamu wenyewe wanabishana. Nampendea hapo. Waongozaji wengine wangekutungia mfalme na mkewe palepale.

Siku ninayoisimulia tulibeba wazee. Kikundi cha kanisa kutoka Mau Narok kilikuwa kimekodi gari zima, na mwenyekiti wao, Mama Tabby, alikuwa ameniambia kwa simu kwamba watakuja "watu wa kutosha". Nilipouliza wa kutosha ni wangapi, akasema nitawaona. Basi nikawachukua Mau Narok, nikawaongeza wengine Njoro, na langoni Hyrax Hill tukawakuta wengine watatu wa kutoka mjini ambao hata Mama Tabby aliwajua kwa sura tu. Viti vingine vilikaliwa na watu, vingine na vikapu. Mimi huangalia barabara, siangalii vichwa.

Kibii alianza kazi yake, kidole mbele, midomo ikicheza. Hajafika wa tano, sauti nzito ikamkata.

"Kijana, unafanya nini na hicho kidole?"

Alikuwa Mzee Kiprugut, mkulima wa ngano, mrefu, amejifunga tai kama anakwenda kuozesha binti.

"Nataka tu kujua tuko wangapi, mzee."

"Tuko wa kutosha. Watu hawahesabiwi. Ukitaka kuhesabu, si uende uhesabu magunia ya waru?"

Nilingoja akina mama wa Kikuyu wampinge, maana kutoka Mau Narok walikuwa wamempinga kwa kila kitu, hadi bei ya mbolea. Wapi! Wote waliitikia kwa kichwa wakimuunga mkono. Mama Tabby akasema hata marehemu mama yake hakukubali watoto wake wahesabiwe, kwa sababu ukiwahesabu unawaitia balaa. Siku hiyo Wakikuyu na Wakalenjin walikuwa kitu kimoja, na aliyekaangwa ni Kibii.

Nilimwona akihangaika. Bila hesabu mtu huyu hawezi kutembea. Alikuna shingo, akavua kofia, kisha uso ukamng'aa.

"Sawa wazee wangu. Basi kila mmoja aokote kajiwe hapa njiani, siyo la ukutani, aweke kwa hii kofia. Ni salamu kwa wale waliokaa hapa zamani. Jioni mkipanda gari, kila mtu atachukua moja aende nalo nyumbani."

Walipenda sana jambo hilo. Wakainama, wakaokota, wakaweka, wengine wakinong'ona kidogo kama wanatoa sadaka. Mimi nilielewa ujanja wake na nikageuza uso nisicheke. Kibii alijitenga nyuma ya gari, akahesabu mawe badala ya watu, akanifungulia viganja vyote viwili kisha akaongeza kidole kimoja. Kumi na moja. Akayamimina kwenye mfuko wa unga na roho yake ikatulia.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Kule mashimoni, Mzee Kiprugut aliposikia kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, aliingia mojawapo, akapima kwa hatua, akatangaza kwamba watu hao walijua kazi. Tulikula, tukapanda Menengai, na Kibii akawatembeza taratibu kwenye njia ya ukingoni, kreta yote imelala chini yao, mvuke ukitoka kwa mbali. Mimi nilibaki na gari.

Ukungu ulikuja kama saa kumi. Menengai haikuombi ruhusa. Dakika moja unaona hadi ng'ambo, dakika ya pili huoni miguu yako. Wazee walirudi vikundivikundi, wawili, watatu, kila mtu na mwendo wake. Wa kwanza alikuwa bibi kizee mmoja mwembamba, shosho aitwaye Wangu, ambaye goti lilimsumbua. Mama Tabby alimshika mkono, akamchagulia jiwe kwenye mfuko wa unga, akampandisha gari ili akajilaze kiti cha nyuma. Kisha wakaja wengine, wakachukua mawe yao, wakabaki nje wakijinyoosha na kusimuliana. Wa mwisho alikuwa Mzee Kiprugut, naye akachukua lake.

Kibii akatia mkono tena kwenye ule mfuko wa unga, na nikaona uso wake ukibadilika. Akautoa mkono. Kajiwe kamoja keusi kalikuwa kwenye kiganja chake.

"Nani hajachukua?" akauliza.

Wote walikuwa wamechukua. Wakamwonyesha.

"Basi kuna mtu amebaki."

"Amebaki nani?" Mama Tabby akauliza.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Wa Mau Narok waliangaliana, wakasema wao wako. Wa Njoro wakasema wao pia wako, ila labda yule aliyeketi karibu na mlango. Aliyeketi karibu na mlango akasema huyo ni yeye. Mtu mmoja akakumbuka mama mwenye leso ya buluu, na mama mwenye leso ya buluu akajibu kwa hasira kwamba anasimama mbele yake. Wale watatu wa mjini wakasema wanajua wao ni watatu, zaidi ya hapo wasiulizwe. Kibii alikuwa amegeuka rangi.

Mzee Kiprugut alitazama ukungu, akamtazama Kibii, akalegeza tai.

"Hesabu, kijana," akasema polepole. "Tuhesabu tu."

Kibii akahesabu kwa kidole. Nje tisa. "Na Wangu yumo ndani, amelala," akasema Mama Tabby. Kumi. Akahesabu tena. Kumi.

Sasa, mimi ningenyamaza, mambo yangekuwa tofauti. Lakini nilijiona mwenye macho. Nilikumbuka kwamba asubuhi, kwenye kioo changu, nilimwona mzee kiti cha nyuma, karibu na dirisha, koti la kijivu na kofia ya rangi ya kahawia. Hakuzungumza njia nzima. Nilimsikia yule shosho akimsemesha kwa sauti ya chini, kitu kuhusu mahindi yaliyokuwa nje.

"Kuna mzee," nikasema. "Mzee wa koti la kijivu. Mimi nimemwona na macho yangu."

Wee! Kumbe wengine nao walikuwa wamemwona. Mmoja alimwona kule mashimoni akitazama. Mwingine alimpa njia pale penye mwamba. Mama mmoja alisema alimsikia akikohoa. Ndani ya dakika tano mzee alikuwa na kikohozi, fimbo na viatu vya raba.

Kibii hakungoja. Alishika njia ya kushuka, tukamsikia tu. "Mzee! Mzee wa koti! Itika, mzee!" Sauti ilikwenda ikirudi, mara iko kulia, mara iko chini kabisa, tusijue yuko wapi. Wazee walipanga mstari ukingoni nao wakaita. Mama Tabby alianza sala, akaikatiza katikati ili aite, akairudia. Mzee Kiprugut, ambaye asubuhi hakutaka hesabu, alikuwa akizunguka akijihesabia mwenyewe kimoyomoyo, nikimwona midomo. Nilimfikiria mtu mzima ameanguka kwenye yale mawe makali, na giza linakuja, na Kibii akibeba sukari kwenda nyumba ya pili kila Krismasi mpaka afe.

Ilipita karibu saa nzima. Kibii alipanda juu mara moja, matope hadi magotini, mikwaruzo ya vichaka vya leleshwa kwenye mikono, akaniambia, "Joash, lete tochi, nashuka tena hadi chini kabisa." Alikuwa analia na hakujificha.

Nilikimbia garini. Nikafungua mlango wa nyuma. Mzee alikuwa ameketi pale nyuma, koti la kijivu, kofia ya kahawia imeshuka hadi machoni.

"Nimempata!" nikapiga kelele. "Kibii! Yuko kwa gari!"

Walikuja mbio, hata wenye magoti. Kibii alinisukuma kando, akapanda, akamshika yule mzee mabega kwa mikono yake yote ya matope. Kofia ikaanguka. Alikuwa Wangu.

Nilijisikia mjinga kuanzia utosini hadi kwenye visigino, kisha nikakasirika, maana mimi nikiaibika hukasirika.

"Shosho, hii koti ni ya nani?"

"Ya mzee wangu. Kinyanjui," akasema. "Nilisikia baridi, nikaivaa."

"Na yeye ako wapi?"

"Tulimzika mwezi wa tatu, huko Naivasha."

Mama Tabby ndiye aliyetueleza baadaye kwamba Wangu na mumewe walikuwa wakiishi Kihoto, kule Naivasha, hadi maji ya ziwa yalipoingia nyumbani kwao, na kwamba mzee alifia kwenye chumba cha kupanga, na binti yao akamleta mama Mau Narok. Miaka yote mzee alikuwa akiona mabasi ya shule yakipita kwenda Menengai, akisema iko siku na yeye atapanda aone hilo shimo. Kwa hivyo Wangu alileta koti, akaliketisha dirishani, akaliwekea kofia juu. Kijana wetu aliposema kila mmoja aweke jiwe la salamu, aliweka mawili. Jioni alipokea lake tu, la mumewe akaliacha. Hakujua kwamba mawe yale yalikuwa hesabu. Angejuaje? Tulimficha sisi.

Lakini hayo tuliyajua baadaye. Pale garini Kibii alikuwa bado amemshika mabega, anahema, hajui acheke ama alie zaidi. Kile kijiwe kilikuwa kingali kwenye kiganja chake.

"Mama," akasema, "si ulitusikia tukiita? Saa nzima?"

"Niliwasikia."

"Mzee wa koti, mzee wa koti. Hukujua ni yeye tunaita?"

Wangu aliokota kofia sakafuni, akaipangusa matope ya Kibii kwa kiwiko cha koti.

"Nilijua," akasema. "Mwanzo nilifikiri naota. Halafu nikajua. Nikanyamaza. Nisameheni, watoto wangu. Tangu tumzike, hakuna mtu mwingine amemtafuta. Nikataka mumtafute kidogo tu."

Nilitaka kumgombeza, badala yake nikaenda kuketi kwenye usukani. Mzee Kiprugut alivua tai yake kabisa, akaikunja, akaitia mfukoni. Kibii alimwachia yule mama mabega, akaketi kwenye kiti cha pembeni yake, kile ambacho asubuhi kilikuwa na koti, na akamwuliza Kinyanjui alikuwa mtu wa namna gani. Wangu alimsimulia njia nzima hadi tulipofika Njoro.