Nilimtafsiria mama kwa mshauri wa mtandaoni, nikaficha sentensi moja

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo.

Kwa wiki mbili sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: je, mimi ndiye ninayemzuia mama yangu kupona?

Nitawaeleza yote, hata sehemu inayonitia aibu. Nikiipamba haitamfaa mtu.

Nimemaliza lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, kazi bado. Ni mtu wa kufikiri mno. Hata ujumbe wa "nimefika" naweza kuuandika mara nne kabla ya kuutuma. Mjue hilo mapema, maana ndilo chanzo cha haya yote.

Kwetu ni Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi. Tulikuwa tunalima mpunga. Vita vilipokaribia, baba alitaka tuondoke siku ileile. Mimi nikasema tungoje kesho. Huenda barabara imefungwa, huenda watu wanazidisha habari, huenda hivi, huenda vile.

Baba akasema, "Weye ndiye ulisoma." Akaufungua mzigo aliokuwa ameshaufunga.

Tuliondoka kesho yake. Risasi ilimpata baba njiani. Hakufika Uvira.

Hapo naomba nisieleze zaidi.

Tangu siku ile mama alibadilika. Pikipiki ikitoa mlio mkali barabarani, anashika ukuta. Na pikipiki za Uvira mnazijua, hakuna dakika inayopita bila moja. Alikuwa anapika, ananiwekea chakula, lakini hanitazami usoni. Miezi ikapita hivyo.

Nikaona tangazo la ushauri nasaha online, bure, kwa familia zilizopitia vita. Fomu ya dakika kumi niliijaza kwa siku sita.

Rafiki yangu Aganze, dereva wa pikipiki, alinicheka: "Weye na lisansi yako yote, unapeleka mama kulia mu telefone?" Lakini ndiye aliyetuazima simu yake nzuri, kila Jumatano mchana, bila kuombwa mara mbili. Yangu kioo kilishapasuka.

Vikao tulivifanyia kwenye chumba cha ushonaji cha parokia, ambacho mchana hakina watu. Pale tunapopanga, kati yetu na jirani kuna mbao tu. Huwezi kufungua moyo huku jirani anakohoa kama aliye kitandani kwako.

Mshauri ni mama wa Lubumbashi anayeishi Nairobi. Nimwite Mama Neema. Hajui Kifuliiru, lugha yetu ya nyumbani, na mama yangu alisema ya moyoni atayasema kwa Kifuliiru tu. Basi mimi nikawa mkalimani.

Hakuna aliyeona tatizo. Kwetu mtoto aliyesoma ndiye anayemsemea mzazi hospitalini, ofisini, kila mahali. Mtoto yupo, mgeni wa nini?

Kikao cha kwanza kilikuwa cha usingizi, chakula, mapigo ya moyo. Nilitafsiri vizuri, hata nikajisifu kimoyomoyo.

Kikao cha pili Mama Neema akauliza: "Mama, hasira yako iko kwa nani?"

Mama akasema kwa Kifuliiru, polepole, macho kwenye simu: "Waliopiga siwajui sura. Ninayemjua ni huyu aliye kando yangu. Kila nikimwona anakula, nauona mzigo ule ukifunguliwa."

Nikasema: "Anasema anamkumbuka sana baba."

Mama Neema akanitazama kwenye video. "Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo, Mama. Kifuliiru kinazunguka sana."

Wakuu, niliisingizia lugha ya babu zangu.

Ndipo zilipoanza zile wiki mbili. Jumatano iliyofuata niliomba kikao kiahirishwe, nikasema rezo, yaani mtandao, ni mbovu. Nikisema kweli, mama ataonekana mama mbaya. Nisiposema, mshauri atatibu kidonda kisichokuwepo na kile chenyewe kitaoza. Nilijiambia namlinda mama. Si kweli. Nilikuwa najilinda mimi.

Jumanne, siku moja kabla ya kikao kingine, mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikakaa karibu yake.

"Mama, siku ile sikutafsiri uliyoyasema."

Hakuinua kichwa. Alinijibu kwa Kiswahili:

"Minye najua. Miaka yote niliuzisha muchele mu soko, unafikiri nilikuwa naongea Kizungu na watu?"

Hofu ilinisahaulisha kwamba Kiswahili cha soko anakielewa. Kwa hiyo alinisikia nikidanganya, palepale, na akanyamaza.

"Yule mama wa mu telefone ni muntu muzuri," akaendelea. "Lakini maneno yale haikuwa yake. Ilikuwa yako. Kukuambia tukiwa wawili nilishindwa. Nikakuambia pale, weye ukayatupa."

"Nisamehe, Mama."

"Sijui. Iko siku nimesamehe, iko siku hapana." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye mchele. "Lakini baba yako alikuwa muntu muzima. Alifungua muzigo na mikono yake. Na weye kula! Jirani wanasema ninakunyima."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alinitazama usoni.

Nilichojifunza ni hiki: usimfanye mtoto kuwa mlango wa maumivu ya mzazi wake. Hata akiwa msomi, hata akiwa na nia njema, anaweza kuwa ndani ya kidonda chenyewe. Mkitafuta huduma hizi, ulizeni mapema kama wana mkalimani asiye wa nyumbani.

Na nyinyi mliowahi kuwasemea wazazi wenu, mlitafsiri yote? Andikeni hapa chini, hata kwa jina la bandia. Sitamhukumu mtu.

Mimi Jumatano nilifanya hivi. Kabla Mama Neema hajamaliza salamu nikamwambia: "Kikao kilichopita nilificha maneno. Mama alisema hivi." Nikayasema yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, mama akiwa kando yangu.

Nikaomba mkalimani mwingine. Baada ya nusu saa wakamuunganisha mwanamke Mfuliiru anayeishi Bujumbura. Nikaomba pia saa yangu mwenyewe ya ushauri, peke yangu. Nimepewa Ijumaa.

Kisha nikamwachia mama simu, nikatoka, nikaenda kusimama mbali kiasi cha kutosikia.