Mama wa Stoo na Stroberi Zilizorudishwa

Mama wa stoo, ndivyo wanavyomwita wote pale kwenye banda la stroberi zinazokuzwa kwenye maji, bila chembe ya udongo. Habani tunda kwa vidole. Huligeuza kwa mgongo wa kidole, na lenye jeraha hulitenga bila kulitazama mara ya pili. Sauti imemkauka kwa kuulizia kwenye simu lori la baridi limefika wapi. Kila akikata simu hukanda kiuno, hushusha pumzi, huendelea na kazi.

Juzi mchana lori lilirudi na mzigo wote. Lilikuwa limekwama njiani, mtambo wa baridi ukazima, na duka lililoyaagiza likayakataa matunda.

“Nisamehe, mama,” dereva alisema, macho chini. “Wanasema yamelainika.”

Mama wa stoo alifungua boksi, akatia moja mdomoni, akatafuna polepole. Miaka sita ya kuyapakia, hakuwahi kuyaonja.

“Kumbe ni matamu hivi!”

Dereva akaanza tena kueleza habari za mtambo. Mama akamsogezea boksi.

“Kaa ule kwanza, mwanangu. Tutagombana kesho, leo nimechoka.”