Nimeliliwa Msiba Nikiwa Mzima

Leo watu wa kwetu Bugene wamenililia nikiwa mzima wa afya.

Mnajua sanaa yangu ni mwili: nauchora, na mara nyingine natumia wangu. Nilialika watu arobaini waje kutazama onyesho uani kwangu. Hakuja hata mmoja!

Nikalala uani hivyo hivyo, nimejifunika gubigubi nguo ya magome ya mti, ile waliyozikwa nayo babu zetu.

Jirani akachungulia. Akapiga yowe.

Punde ua ukajaa. Shangazi kaja analia, mkungu wa ndizi kichwani.

Nikajifunua, nikaketi. “Shikamoo shangazi. Hii ni sanaa.”

“Marahaba. Na machozi yangu?”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamsihi arudi na ndizi zake.

“Chakula cha msiba hakirudi nyumbani.”

Wameondoka wote, sasa nazimenya peke yangu. Nyie arobaini, matanga yangu nayo hamji?