Nilimshonea mama kifuko cha kutunza insulini, nikakikuta sandukuni

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe juzi, chumvi sijaongeza.

Nipo chuo, kazi yangu maabara ni kufuma nyuzi kwa umeme. Unaweka polima, yaani plastiki ya majimaji, kwenye bomba la sindano, unaipiga volti kubwa, unachomoka uzi mwembamba kuliko wa buibui. Ndani ya uzi nafungia vitone vya nta, havionekani kwa macho. Nta ikiyeyuka inakunywa joto. Ikiganda inalirudisha.

Nikisimulia nyumbani Mkata, wilayani Handeni, wananicheka: "Joto la Handeni unalitunza la nini? Si uje ulichukue lote!"

Ila mimi nilikuwa na sababu. Mama anachoma insulini, friji hana, dawa anaifuata Korogwe. Ikipigwa joto inaharibika. Nikamshonea kifuko cha kitambaa cha nyuzi zile. Nikipiga simu anasema, "Kizuri mwanangu, Mungu akubariki." Kichwa kinavimba.

Nimeenda likizo, nakikuta sandukuni, kimekunjwa vizuri katikati ya khanga zake za Idi. Kitupu.

Aisee, nikamfuata mbio. "Mama, dawa iko wapi?"

Akanipeleka jikoni. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji. Dawa imo, ya baridi.

"Siku ya kwanza kilifanya kazi. Ya pili kikawa kitambaa tu. Nikaona nikikwambia nitakuvunja moyo."

Nikakaa chini. Maabara kuna AC, kumbe nta ilikuwa inaganda yenyewe kila usiku na mimi sina habari! Mkata chini ya bati, usiku ni joto lile lile. Ikishayeyuka haigandi tena. Mama angeniamini, angekuwa anajichoma dawa iliyokufa. Niliogopa, wakuu, nikamshukuru Mungu kwamba hakuniamini.

Jioni nikakitumbukiza kifuko kwenye chungu chake, nta igande. Asubuhi tukakitoa, tukapanda nacho basi kwenda kliniki, jua linawaka, tunafika Korogwe kifuko bado cha baridi. Mama akakibandika shavuni, akacheka.

"Kumbe na chenyewe kilikuwa kinataka chungu!"

Nilichojifunza: kitu cha kutumika Mkata kijaribiwe Mkata. Na anayekupenda ukimuuliza kuhusu kazi yako, muulize mara mbili, tena usiwe na sauti ya kutafuta sifa.

Wenye wagonjwa wa sukari wasio na friji, nyie mnatunzaje dawa? Na wazazi wenu wamewahi kuwaficha nini msije mkavunjika moyo? Semeni, maana mimi tangu siku ile najiuliza kuna nini kingine kimekunjwa kwenye lile sanduku.