Maharamia wa Mto Juu ya Mkeka Wetu

Nimeua watu wengi juu ya mkeka wa mama yangu, pale mtaani Nyamugari, mjini Gitega, Burundi, na karibu wote niliwaua kwa furaha. Mchezo wetu ni wa kusimulia. Mmoja anatunga nchi na hatari zake, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama panga limepata shingo au limepata hewa. Msimulizi ni mume wangu. Wachezaji ni mimi na kaka zangu wawili, mmoja seremala, mwingine anauza vitenge sokoni Gitega. Jumapili baada ya alasiri tunatandika mkeka uani, chai inawekwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na damu inaanza kumwagika.

Dadu aliichonga yule seremala kwa mti wa mkaratusi. Ina pande ishirini na imepinda kidogo, ila ole wako umwambie. Mhusika wangu ni mwanamke wa mapanga mawili. Kaka zangu husema sikumtunga, nilijieleza tu. Basi na iwe hivyo. Nina hasira za karibu, na fundi cherehani anayeshinda akishonea watu wasioridhika lazima apate pa kuzitua.

Mwaka niliobeba mimba mume wangu alituletea maharamia wa mto. Kabla yao tulikuwa tumepigana na majoka na wafalme waliokufa wakakataa kulala, na hakuna aliyetutisha. Hawa walitutisha. Joka unaweza kulikwepa ukapita njia nyingine, lakini mto sharti uuvuke, nao walilijua hilo. Walikuwa na taratibu zao. Kabla ya kugusa mzigo walichukua kasia kwanza, ili ubaki katikati ya maji huna pa kwenda. Pete ikikataa kutoka walikata kidole. Mzee mmoja aliyewabishia walimfunga kwenye mafunjo, kichwa kikiwa juu ya maji, wakaondoka wakiwaachia mamba kazi iliyobaki. Nilimuuliza mume wangu mambo hayo anayatoa wapi. Akasema kichwani, akamimina chai.

Yeye amezaliwa na kukulia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, ingawa kwao ni Gashoho, huko Muyinga. Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Kirundi chake kinachechemea, na kaka zangu hawakumpa nafasi ya kupumua. Akitamka neno vibaya, linarudiwa nyumbani kwetu wiki nzima.

Wakati huo tumbo langu lilikuwa limeshaonekana. Nilitaka mtoto, akiwa wa kiume, aitwe jina la baba mkwe wangu ambaye sikuwahi kumwona. Ni jina zuri la Kirundi, si la dini yoyote, hakuna wa kulipinga. Mume wangu akalipinga. Nikamuuliza sababu, akasema hakuna. Nilichojua mimi ni kwamba baba yake alikuwa na mtumbwi kwenye mto Ruvubu, mpakani, akiwavusha watu waliokuwa wakirudi Burundi kwa njia zao wenyewe, na kwamba aliuawa mtoni na waporaji mwanawe akiwa mdogo. Mtu aliyekufa akiwarudisha wenzake kwao, kwa nini jina lake lizikwe naye? Tuligombana kwa hilo mpaka jirani akaanza kutusalimia kwa huruma. Na kila Jumapili, kila haramia niliyemkata, nilimkatia yule baba mkwe.

Siku moja wahusika wetu walifika ukingoni wakiwa na watoto waliowaokoa kwenye kijiji kilichochomwa. Maharamia walikuwa nyuma yetu, au mbele, hatukujua. Mume wangu akasema, "Ukungu umetanda. Mnaona mtumbwi unakuja polepole. Ndani yake kuna wavushaji wawili."

Muuza vitenge akainua mkono. "Wavu nini? Shemeji, iyo Swahili yako ya Tanzania siye hatuielewe. Sema mu Kirundi."

Mume wangu akasogeza kikombe chake. Nilidhani anatafuta neno. Kisha akalisema, haraka, akiangalia chini.

Hapo inabidi nieleze. Kwa Kirundi, abambutsi ni wale wanaovusha watu. Abambuzi ni wale wanaowavua watu mali zao. Kati ya mwokozi na mnyang'anyi pana tsi na zi tu.

"Abambuzi!" seremala akaruka. "Donc, kumbe ni wao!"

Nilikuwa nimeshashika dadu. Nikatupa, nikapata kumi na tisa. Panga la kwanza liliingia begani kwa yule kijana wa mbele likasimama kifuani, nikalichomoa kwa kumkanyaga. Mzee wa nyuma aliinua kasia kujikinga, nikakata kasia pamoja na vidole vilivyolishika. Seremala akamchoma mkuki wa tumbo. Mzee akapiga magoti ndani ya mtumbwi uliokuwa umeanza kujaa maji na damu, nami nikatupa tena, na kichwa kikaenda na mto. Hakuna aliyeuliza kwa nini haramia amekuja bila silaha. Nilikuwa nacheka. Nakumbuka nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni.

Mume wangu alikuwa akiitazama dadu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Hawa walikuwa wavushaji."

"Ulisema zi!" seremala akasema.

"Nilisema tsi."

"Mi nilisikia tsi," muuza vitenge akasema, akishangaa.

"We ulikuwa unakunywa chai!"

Nami, badala ya kunyamaza, nikamkaripia mume wangu mbele ya kaka zangu: kama Kirundi kinamshinda akiache, asitufanye tuue watu bure. Akaichukua ile dadu mkekani, akaitia kwenye mbabula, chini ya birika, katikati ya makaa. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuvunja hata kikombe. Tukaitazama ikishika moto. Yeye akaingia ndani.

Nilimfuata ili nimalize ugomvi. Nilimkuta amekaa kitandani, amefunika uso kwa viganja, na ugomvi ukaniishia mdomoni. Ndipo akanisimulia.

Walikuwa ukingoni upande wa Tanzania, yeye na mama yake na watu wengine wa kambini waliotaka kurudi. Walijificha kwenye mafunjo wakimsubiri baba yake aje na mtumbwi alfajiri. Waporaji walikuwa wameshawavamia watu mahali pale pale, kwa hiyo wanaume walikuwa na mapanga mkononi. Yeye aliwekwa mbele kabisa aangalie maji, kwa sababu ndiye aliyeufahamu mtumbwi. Kulikuwa na ukungu. Akauona, akamwona baba yake na mwenzake wakipiga kasia, akawageukia wale watu na kuwaambia kwa Kirundi, kile Kirundi chake cha mtoto wa kambini, kwamba wavushaji wamefika.

Wanaume wakatoka mafunjoni kama maji yaliyobomoa ukuta. Mtumbwi ulipogusa nchi walikuwa wameshaanza kukata. Alimwona baba yake akiinua kasia. Alimsikia akiuliza mtoto wake yuko wapi. Walipotambua ni nani, hakukuwa na cha kutambua tena, uso ulikuwa umekwenda. Wakauosha mtumbwi, wakavuka nao. Yeye na mama yake walirudi kambini, wakakaa huko mpaka akawa mtu mzima.

"Sijui nilisemaje," akaniambia. "Miaka yote nalisema moyoni. Yananijia maneno yote mawili. Leo tena nimelisema na ninyi mmeua." Akafuta uso kwa shuka. "Unataka nimwite mtoto jina la mtu niliyemuua? Nimwite aje kula, nimwite aje kuoga?"

Nililia, nikamshika, nikamwomba radhi kwa yale ya uani. Mwishowe nikamwambia kwamba mama yake alikuwepo pale na bado yuko hai, twende tukamuulize. Alikataa mpaka nikasema nitakwenda peke yangu na tumbo langu.

Tulimkuta mabukwe, mama yake, Gashoho, amekaa mbele ya nyumba anapura maharage kwa fimbo. Alifurahi kuniona, akanishika tumbo, akanipa ungo nichambue ili nisikae bure. Mume wangu alikaa kando yangu akitazama miguu yake. Basi nikalisema mimi, lote, hata la dadu. Fimbo yake haikusimama mpaka nilipofika kwenye mtumbwi.

"Nilidhani umesahau," akamwambia mwanawe. "Hukuuliza. Nikasema nisikuamshie kidonda."

"Mama, mimi ndiye niliyemwita mwambuzi."

"Nani kasema?" Alikuwa amekasirika, na kwa mara ya kwanza nikaziona hasira ambazo mume wangu hakuzirithi. "Nilikuwa nimekushika shati kwa nyuma usitumbukie. Sauti yako ilinipita hapa." Akajigonga kifua. "Ulisema abambutsi. Ulisema vizuri. Wale watu walikuwa wameshikilia mapanga tangu jioni, mwana wanje. Ungewaambia malaika wamefika, wangewakata malaika."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Aliyekuwa wa kwanza kumpiga baba yako yuko hapa hapa. Kila siku ya soko ananisalimia, ananiulizia wajukuu. Namwitikia." Akaitazama fimbo mkononi mwake, akaiweka chini. "Nilisema ni waporaji ili tuweze kukaa na watu."

Nilijiona kwenye mkeka wa mama yangu, dadu imo kiganjani kabla neno halijatoka. Nilitamani kuua tangu asubuhi. Kaka yangu aliyekuwa akinywa chai, asiyetaka kumuua mtu, ndiye peke yake aliyesikia tsi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikainama kwenye ungo.

Mume wangu hakuwa ameshawishika. Akasema mama yeyote angesema hivyo kumpoza mwanawe.

"Basi sema sasa," mabukwe akasema.

"Mama, niache."

"Sema kama ulivyosema siku ile. Mke wako yuko hapa, amekulia Gitega, Kirundi anakijua. Sema."

Jirani alipita na mbuzi, akatusalimia, tukaitikia. Kisha mume wangu akalisema, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akiangalia mbele kana kwamba kuna maji.

Nilikuwa karibu naye kabisa, mikono yangu imejaa maharage. Nilisikia tsi.