Jina Lililo Kwenye Mkataba

Ofisini kila mtu anamwita Mama Amida, na kwa miaka tisa jina hilo limetosha. Ndiye anayepokea simu za wateja katika kampuni moja ya sola mjini Lubumbashi: vipokea sauti masikioni, kalamu mkononi, na uvumilivu ambao mimi ningeumaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka huu fundi wa kompyuta, Elisée, alileta msaidizi wa akili mnemba ajibu ujumbe wa wateja. Msaidizi huyo hazioni kumbukumbu za kampuni mwenyewe. Amepewa zana za kuzifungulia, na kila zana imeandikiwa maelezo ya kazi yake. Maelezo hayo tu ndiyo yanayomwongoza. Kwenye zana ya kutafuta wateja, Elisée aliandika maneno manne: "Tafuta mteja kwa jina." Akaenda zake kunywa chai, bwana mkubwa.

Jumanne balaa likaingia. Mama Plamedie wa mtaa wa Hewa Bora, muuza samaki wa barafu, aliandika kwamba sola imezima na friza imekufa. Msaidizi akatafuta "Plamedie", akampata Plamedie mmoja, akatuma mafundi mbio. Wakafika mtaa wa kitajiri wa Golf, kwenye jumba la dada mmoja wa jina hilo ambaye taa zake zote zilikuwa zinawaka, mpaka za bustanini. Samaki wa Hewa Bora wakaharibika, na aliyepiga simu kuomba msamaha ni Mama Amida. Alisemwa vilivyo.

Mkurugenzi, Madame Cathy, hakupiga kelele, na hapo ndipo watu walipoogopa.

"Vendredi asubui nitaiangaria ile mashini mi mwenyewe," alisema, akiipa Ijumaa kuwa siku ya mwisho. "Ikikosa tena, tunaikata. Ikiweza, mwenye ataitengeneza ataacha telefone, atafanya ile kazi tu."

Mama Amida aliposikia "ataacha telefone", moyo ulimruka. Miaka tisa ya kugombezwa masikioni! Akamfuata Elisée mpaka mezani kwake.

"Elisée, mama yako, mu quartier, pale mtaani, banamwitaka nani?"

"Mama Elisée."

"Na mu contrat ya sola?"

Elisée, mzaliwa wa mtaa wa Makomeno, akakuna kichwa akiuwaza mkataba wa nyumbani. "Brigitte… Non. Iko jina ya papa. Alphonse."

"Njo ile! Sasa hii mashini yako itamupata wapi?"

Wakacheka mpaka machozi. Kijana amesoma chuo kikuu, lakini jambo analoishi nalo nyumbani kwao lilikuwa limempita kabisa.

Mama Amida akaketi kuandika maelezo mapya. Mara ya kwanza alijaza kurasa mbili, akatia humo kila kisa alichowahi kusikia kwenye simu. Walipojaribu, msaidizi alimuuliza mteja maswali saba kabla hata ya kumpa pole.

"Sasa iko polisi," Elisée akasema.

Mama Amida akafuta yote. Akakumbuka anavyomfundisha mfanyakazi mpya siku ya kwanza, asiyejua lolote: maneno machache, yaliyo wazi. Akaandika:

"Zana hii inatafuta mkataba wa mteja. Itumie kwa nambari ya simu iliyoandikwa wakati wa kusaini. Usitafute kwa jina ambalo mteja amejiita: 'Mama fulani' ni jina la mtoto, na mkataba huenda ni wa mume. Inaleta jina, mtaa na hali ya betri. Matengenezo ya zamani yako kwenye zana nyingine. Ikileta mikataba miwili, usichague, uliza mtaa. Usitume fundi kabla mteja hajathibitisha."

Akayasoma kwa sauti mara tatu, amesimama, maana kiti hakikukalika tena.

Ijumaa Madame Cathy akavuta kiti mbele ya kompyuta. Ujumbe wa kwanza ukaingia: "Niko Mama Guelord, sola imezima tangu jana." Mama Amida akashika ukingo wa meza.

Msaidizi akajibu: "Pole sana, Mama. Naomba nambari ya simu iliyo kwenye mkataba." Nambari ikaja. Mikataba miwili ikatoka, yote ya Bwana Mulenga, mmoja Makomeno na mwingine Hewa Bora. Msaidizi akauliza ni mtaa gani uliozima. Hewa Bora. Alipothibitisha, mafundi wakaondoka, na kabla ya saa moja kupita wakapiga simu: wako mlangoni, Mama Guelord mwenyewe amewafungulia.

Mama Amida aliruka, akamkumbatia Elisée, vipokea sauti vikaanguka chini. Furaha ilimzidi, na sioni sababu ya kumfichia.

"Ni nani aliandika?" Madame Cathy akauliza.

"Ni Mama Amida!"

Mkurugenzi akachukua karatasi ya mkataba wa kazi mpya, akashika kalamu, kisha akasita. "Na mu contrat, Mama Amida iko nani?"

Elisée akatazama dari. Wengine wakatazamana. Miaka tisa, na hakuna hata mmoja aliyejua.

"Rehema," Mama Amida akasema, machozi ya furaha yakimtoka. "Rehema Aruna. Uandike yote, Madame."