Mchapo wa Mianzi Ndani ya Mlenda

Nilipekecha mlenda kwa mchapo wa matcha wa Mama. Naanza na hilo mapema, usije ukanionea huruma huko mbele.

Mchapo wenyewe ni wa mianzi, kipande kimoja kilichochanwachanwa upande mmoja mpaka kikawa na vijiti vyembamba kama ndevu za mvulana anayejitahidi kuzifuga. Una kazi moja tu duniani: kupiga unga wa kijani wa matcha, ile chai ya Kijapani, kwenye bakuli la maji ya moto mpaka utoe povu. Mama alipewa na bibi mmoja Mjapani wa Kensington, hapa hapa Johannesburg, ambaye Mama alimfanyia kazi tangu mimi niko shule ya msingi. Alianza kwa kumfagilia nyumba. Miguu ya bibi ilipochoka, akawa anamwogesha na kumchana zile nywele zake nyeupe, na wakimaliza wanakaa jikoni, wawili tu, kunywa ule uchungu wa kijani ambao mimi nilikuwa naufananisha na majani waliyokata kwenye uwanja wa mpira.

Siku ya kwanza bibi alipomkabidhi mchapo, Mama aliushika katikati ya viganja akausokota, kiganja hiki mbele, kile nyuma, kama wanavyopekecha mlenda kwao Muheza. Ametusimulia mwenyewe mara nyingi. Bibi alicheka mpaka ikabidi akae. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akamwelekeza: mchapo hausokotwi, unapelekwa mbele na nyuma kwa haraka, na haukandamizwi chini ya bakuli. Tangu hapo Mama akawa anafanya mazoezi nyumbani kwetu Turffontein akitoka kazini. Anachekecha unga kwa kichujio cha chai, analoweka mchapo kwenye maji ya vuguvugu, anapiga. Mimi nilikuwa namuuliza anamfutia mwalimu gani ubao. Povu likitoka sawasawa alikuwa ananionyesha bakuli bila kusema neno, anasubiri. Nami namwambia bwawa limejaa, bado vyura tu.

Basi bibi akaamua kurudi kwao kwa mdogo wake, safari ya kwenda tu. Mama akamkaribisha kwetu Jumapili kabla hajaondoka, maana miaka yote hiyo hakuwahi kufika. Alitaka amtengenezee matcha kwa mkono wake, kwenye meza yake, ili bibi aende zake akijua lile somo limekaa. Aliyasema haya Jumamosi asubuhi akitundika mapazia safi. Nilimsikia vizuri kabisa. Hapo sina pa kujifichia.

Mchana Mama akaenda Hillbrow kutafuta unga wa mchele na iliki, akaniachia sufuria ya mlenda jikoni, bamia na majani ya maboga na magadi kidogo, niukoroge usije ukafurika. Kila akipika mlenda hapa Johannesburg Mama hulalamika kwamba hana upekecho, kile kijiti cha kwao chenye meno cha kusokota ndani ya sufuria, na kwamba mlenda wa kukorogwa kwa mwiko ni maji ya bamia tu. Nikautazama mwiko. Nikautazama mchapo, umekaa juu ya kishikilio chake cha kauri kama mgeni rasmi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari inirekodi video, nikajifunga kitambaa cha vyombo kichwani, nikatangaza kwa sauti ya wale wapishi wa kwenye televisheni kwamba leo tunapika mlenda wa Tokyo.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho safi. Nilisokota kwa viganja vyote viwili, mlenda ukawa unapanda na kuvutika, na mimi nauongelesha Kijapani cha kubuni. Halafu nikasikia mlio mdogo, kama tambi kavu zinavunjika. Nilipouinua mchapo, mlenda uliung'ang'ania, na vijiti vingine vikabaki humo humo. Vilivyosalia vilikuwa vimelegea, vimetawanyika kila upande kama ufagio wa chooni. Eish. Kwenye video unasikia vijiti vinavunjika na mimi bado nacheka. Na niliituma kwenye grupu la darasa kabla hata sijauosha.

Mama aliporudi hapakuwa na la kuficha, kishikilio kitupu kinaonekana tokea mlangoni. Nikamwambia mgonjwa amefia njiani kabla ya kufika hospitali. Hakucheka, wala hakufoka. Aliuchukua akaanza kuvirudisha vijiti mahali pake kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja. Akauliza nilikuwa naufanyia nini. Nikasema mlenda. Akaenda kuzima jiko. Nilipojitolea kwenda kutafuta mwingine, aliniambia kitu kile hakiuzwi kwenye spaza, viduka vya mtaani, na duka pekee linalokiuza, kaskazini ya jiji, halifunguliwi mpaka Jumatatu.

Jumapili bibi akaletwa na gari la kukodi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kama sisi tu, akasifia mapazia. Mama alikuwa amepika mkate wa kumimina. Akachekecha unga, akamimina maji, akachukua uma. Uma ukawa unagonga bakuli, kelele ambayo mchapo haukuwahi kuipiga. Povu halikutoka. Madonge ya kijani yakawa yanaelea juu. Bibi aliutazama mkono wa Mama, kisha akamuuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, mchapo uko wapi.

Mama akanyamaza.

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Mimi ndiye yule anayemjibu mwalimu kabla hajamaliza swali. Kusema ni mimi niliyeuvunja naweza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kizulu. Nikajikatia kipande kingine cha mkate, nikakiingiza mdomoni chote.

Ndipo Mama akasema ameuvunja yeye. Alisahau, akausokota kwa viganja kama ile siku ya kwanza. Akaonyesha na kwa mikono, hewani. Bibi akacheka, lakini si kile kicheko cha kukaa chini, akampapasa Mama begani akamwambia hakuna neno. Akanywa bakuli lote pamoja na madonge yake. Mlangoni, akiaga, akamshika tena Mama kifundo cha mkono, akaupeleka mkono mbele na nyuma, taratibu, kama unavyomwelekeza mtu anayeanza leo. Mama akawa anaitikia kwa kichwa.

Gari lilisimama kwenye robot ya kona, taa ikawaka kijani, likapita, na Mama bado alikuwa mlangoni. Niliifuta ile video, ingawa darasa zima lilikuwa limeshaiona na mmoja alishaniomba nipike pilau la China. Kisha nikamfuata Mama jikoni, nikamwambia nitampigia bibi simu kabla hajasafiri, nimweleze ukweli wote. Alikuwa ananipa mgongo, anaosha lile bakuli. Akalisuuza, akalifuta, akaliweka kabatini.

"Nilinyamaza makusudi, mwanangu, nikusubiri useme wewe," akasema. "Wewe ukawa unatafuna tu."